Zako Tia Maji



Kuna methali ambayo kila mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili ameisikia kabla hajaota hata unywele mmoja kidevuni: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tunaitumia kuonyana. Jirani kavunjiwa kibanda chake cha biashara, tunaambiana tutie maji. Mwenzetu kapunguzwa kazini, tunatia maji. Imetumika hivyo miaka mingi hata tumesahau kwamba kabla ya kuwa onyo, methali hii ilikuwa habari ya kazi. Aliyeitunga alikuwa amewahi kukaa mbele ya kinyozi. Alijua kwamba wembe haugusi kidevu mpaka kidevu kilowe, ndevu zilainike. Maji hutangulia, wembe hufuata.

Leo nataka tuirudishe methali hiyo nyumbani kwake, kwenye beseni na kioo, maana nataka tuzungumze juu ya kivuli cha ndevu.

Unakijua kivuli hicho. Umenyoa asubuhi, umepitisha kiganja, pako laini kabisa. Saa saba mchana unanawa mikono kazini, unainua macho kwenye kioo, na weusi umesharudi kuzunguka mdomo na chini ya taya. Kwa wengine hauondoki hata dakika moja baada ya kunyoa. Mtu mweupe huonekana kama kapakwa wino wa bluu uliofifia. Sisi wenye rangi ya maji ya kunde, au weusi zaidi, hutoka rangi ya majivu, au weusi kama masizi ya sufuria.

Wapo wasiojali, na hao hawana tatizo. Lakini yupo bwana harusi ambaye picha za siku ile moja zitakaa ukutani miaka hamsini. Yupo kijana wa mapokezi hotelini, mtangazaji wa televisheni, mwigizaji aliyepewa nafasi ya mwanamke jukwaani. Na wapo akina dada na akina mama walioota ndevu, wakaishi nazo kwa siri nzito. Wote hawa nawazungumzia leo, na nawazungumzia kwa heshima.

Niruhusu nianze na yaliyonipata mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kipindi cha televisheni. Mimi ni mtu wa redio, uso wangu haujawahi kuwa sehemu ya kazi yangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri. Alfajiri nikasimama mbele ya kioo na wembe niliokuwa nimeutumia kwa wiki mbili. Nikanyoa kushusha. Nikajipapasa, nikaona bado. Nikanyoa kupandisha, huku nikiivuta ngozi ya shingo kwa vidole vya mkono wa kushoto. Nikajitazama, kivuli kipo. Nikarudia mara ya tatu, safari hii bila sabuni, kwa maji ya bomba tu. Nilipofika studio, ukosi wa shati langu jeupe ulikuwa na matone matatu ya damu, na chini ya taya palikuwa panawaka kama pamepakwa pilipili. Na kivuli? Kilikuwepo palepale.

Mpambaji wa pale, mama wa makamo, alinikalisha chini ya taa. Akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza kulia, akanigeuza kushoto. Akauliza, "Kaka yangu, umenyoa mara ngapi leo?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wembe ulifika mwisho wake mara ya kwanza. Hizo nyingine ulikuwa unanyoa ngozi."

Msikilizaji, neno hilo ndilo nililokuja nalo leo. Wembe una mwisho wake. Ukifika hapo, kinachobaki hakiondoki kwa kunyoa zaidi. Kinahitaji rangi, au kinahitaji subira, na mara nyingi vyote viwili. Anayelazimisha wembe kufanya kazi isiyo yake hulipa kwa ngozi yake.

Kwa nini iwe hivyo? Unywele wa ndevu ni kama mche uliopandwa. Tunachokata ni kile kilicho juu ya udongo. Chini, mzizi wake umezama milimita kadhaa ndani ya ngozi. Na ngozi ya uso si ukuta wa saruji. Mwanga hupenya kidogo, ukakutana na weusi wa unywele uliobaki chini, ukarudi machoni pa anayekutazama ukiwa na rangi ya kijivu au ya bluu. Hicho ndicho kivuli. Unaona kitu kilicho chini ya ngozi, mahali ambapo wembe haufiki. Ongeza hapo kwamba ndevu hukua kiasi cha sehemu tatu au nne za kumi za milimita kwa siku, na utaelewa kwa nini hata aliyepona asubuhi hubanwa jioni.

Mtu mashuhuri kuliko wote aliyeponzwa na kivuli hiki ni Richard Nixon wa Marekani. Tarehe 26 Septemba 1960, yeye akiwa makamu wa rais, alisimama katika studio ya televisheni jijini Chicago kujadiliana na seneta John Kennedy. Ulikuwa mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa vyama vikuu vya nchi ile kuonyeshwa na televisheni, na makadirio ni kwamba watu wapatao milioni 70 waliutazama.

Nixon alikuwa ametoka hospitali mwezi huohuo. Goti lake lilipata maambukizi, akalazwa, akakonda, ukosi wa shati ukawa unampwaya. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, ndevu zake nyeusi. Na tatizo lake alilijua. Alikuwa ameshasema mwenyewe kwamba hata akinyoa nusu dakika kabla ya kwenda hewani, bado ataonekana ana ndevu. Lakini jioni ile, inasimuliwa kwamba Kennedy, aliyekuwa ameiva kwa jua, alipokataa mpambaji, Nixon naye akakataa. Akakubali tu kupakwa Lazy Shave, poda ya dukani ya kuziba kivuli cha ndevu. Studio ilikuwa na joto, taa kali. Jasho likamtoka kidevuni mbele ya taifa zima.

Mwezi Novemba Kennedy alishinda kwa tofauti ndogo sana ya kura. Sitasema ndevu ndizo zilizoamua urais, maana kura huenda na mambo mengi. Hata ile habari kwamba waliosikiliza redioni walimwona Nixon ndiye mshindi, wanahistoria bado wanabishania ushahidi wake. Ninachokiona mimi ni kwamba zaidi ya miaka sitini baadaye, wanaousimulia mdahalo ule hutaja uso wa mtu kabla ya hoja zake. Katika midahalo mitatu iliyofuata Nixon alikubali kupambwa ipasavyo. Alikuwa sahihi kuhusu wembe, kwamba haumsaidii. Alichokosa usiku ule ni kumpa fundi nafasi ya kumsaidia.

Sasa tunyoe pamoja, polepole, kama kinyozi mzuri anavyomfundisha mwanafunzi wake.

Kwanza maji. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu, mafundi huufananisha na waya mwembamba wa shaba. Ukiulowesha kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, hunywa maji, ukavimba, ukalainika, na wembe ukapita bila kuung'ang'ania. Wakati mzuri ni baada ya kuoga. Kama nyumbani hakuna maji ya moto ya bomba, chemsha kikombe kimoja tu. Lowesha kitambaa safi, kikamue, hakikisha hakiunguzi, kilaze usoni mpaka kipoe. Hiyo ndiyo zako tia maji, kwa maana yake ya kwanza.

Pili utelezi. Tumia krimu au povu la kunyolea, au sabuni laini ya kuogea iliyopigwa mpaka ikawa na povu zito. Sabuni ya mche iache kwenye nguo, maana hukausha uso. Povu lisipotosha, wembe hukwama, na wembe unapokwama ndipo unapokata.

Tatu mwelekeo, na hapa wengi wetu tunakosea. Acha ndevu siku mbili, halafu jipapase. Upande ambao vidole vinateleza ndiko ndevu zinakoelekea. Upande unaokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni kwa kawaida hushuka. Shingoni ni vurugu: nyingine zinapanda, nyingine zinaenda pembeni, nyingine zinazunguka kama kisunzu cha kichwani. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Shingo yako huioni vizuri. Mwombe mkeo, ndugu yako, au kinyozi wako akuangalizie mara moja tu, akuonyeshe kwa kidole: hapa zinashuka, hapa zinakwenda kushoto. Ukishajua, umejua kwa miaka mingi.

Nne mkono mwepesi. Nyoa kufuata mwelekeo wa ndevu, kwa mikato mifupi, ukisuuza wembe kila mara. Usiivute ngozi. Usirudie mahali palepale zaidi ya mara moja, na ukirudia, paka povu upya. Wembe ukianza kukwaruza, muda wake umekwisha. Bei ya wembe mpya ni ndogo kuliko bei ya dawa.

Tano kufunga kazi. Suuza kwa maji ya baridi. Kausha kwa kugandamiza taulo, bila kusugua. Paka mafuta mepesi yasiyo na manukato makali. Najua tumezoea spiriti, na wapo wanaoamini kwamba isipowasha haijafanya kazi. Kuwashwa kule ni ngozi inalalamika. Kama umejikata, safisha kwa maji na sabuni, bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikatike.

Na kwa kuwa nimemtaja kinyozi, niseme neno moja juu ya wembe wa saluni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, juu ya kifaa kinachoonekana kisafi kabisa. Kwa hiyo kinyozi wako afungue wembe mpya mbele ya macho yako, na mashine aisafishe kabla haijakugusa. Kinyozi anayeheshimu kazi yake haoni vibaya kuombwa hivyo. Na nyumbani, wembe wa baba ni wa baba, wa kijana ni wa kijana.

Sasa tuje kwenye vipele, maana kwa watu wetu hapa ndipo penye machungu zaidi.

Unywele wa Mwafrika umejipinda tangu ndani ya ngozi, na tundu unamotokea nalo limepinda. Ukiukata kwa karibu sana, hasa huku umeivuta ngozi, ncha yake hubaki kali kama mkuki. Ngozi ikirudi mahali pake, ncha ile hujificha chini. Unywele ukianza kukua, unatoboa ukuta wa tundu lake mwenyewe. Au unatoka nje, unajikunja kufuata asili yake, na kuingia tena kwenye ngozi jirani. Mwili unauona kama mwiba. Unauvimbia, unaupeleka usaha, na ukimaliza vita unaacha doa jeusi. Kwa wengine huacha kovu gumu linaloinuka na kukua. Sasa fikiria: mtu alinyoa sana ili kufuta kivuli, akapata vipele, vipele vikaacha madoa, na madoa yale ni meusi kuliko kivuli alichokikimbia. Kesho yake ananyoa zaidi.

Ndugu yangu mwenye vipele hivyo, hilo si suala la uchafu, wala si kwamba hujui kujitunza. Katika majeshi ya Marekani, askari weusi kwa miongo mingi wamelazimika kubeba karatasi ya daktari ili waruhusiwe kutonyoa kwa wembe, kwa sababu ya vipele hivihivi. Ni namna unywele ulivyoumbwa ukikutana na amri ya kunyoa hadi ngozini.

Cha kufanya ni kuacha kabisa kunyoa kwa wiki tatu hadi nne, mpaka nywele zilizonaswa zijitoe zenyewe. Zisaidie kwa kitambaa cha uvuguvugu, na kwa kusugua taratibu kwa kitambaa laini, kwa mzunguko. Usitumbue, usichimbue kwa pini, using'oe. Ukirudi kwenye kunyoa, achana na kutafuta ulaini wa kioo. Tumia mashine inayoacha kama milimita moja, au wembe wenye bapa moja badala ya ule wenye mabapa matatu manne, ambao huuvuta unywele kwanza ndipo huukata. Kama vipele vinatoa usaha au makovu yanakua, muone daktari wa ngozi. Wapo wa kwetu. Pale Moshi, chini ya hospitali ya KCMC, kituo cha kufundishia tiba ya ngozi kimekuwa kikitoa wataalamu kwa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Na kwa mwenye uwezo, ipo mionzi ya leza inayodhoofisha mizizi ya ndevu, lakini ngozi nyeusi inahitaji leza ya aina yake. Uliza kabla hujalala kwenye kitanda cha matibabu, maana leza isiyofaa inaweza kuunguza.

Jambo moja naomba kwa msisitizo. Usiyatibu madoa hayo kwa mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa kwa siri zina zebaki, au haidrokwinoni, au steroidi kali. Zebaki huharibu figo. Dunia ilipitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013 kuzuia madhara ya zebaki, na vipodozi vya kung'arisha vimo ndani ya mkataba huo. Steroidi nazo huila ngozi ikawa nyembamba, na vipele vikazidi. Madoa ya vipele hufifia yenyewe ukiondoa chanzo, lakini hufifia kwa miezi. Hakuna krimu ya wiki moja iliyo ya kweli.

Turudi sasa kwenye kiti cha yule mama mpambaji.

Hakuanza na rangi. Alilowesha pamba kwa maji ya baridi, akaniwekea chini ya taya, akasema tusubiri. Tukasubiri karibu robo saa, yeye akipanga brashi zake, mimi nikipoa. Akanipaka mafuta mepesi, akasubiri tena yanywewe. Sehemu zilizokatika hakuzigusa kwa rangi kabisa. Kisha akafungua kopo dogo, na ndani nikaona rangi nyekundu ya tofali la kuchoma. Nikashtuka. Nikamwuliza, "Mama, hiyo ni ya mdomoni?" Akasema, "Hiyo ndiyo dawa ya kivuli. Poda peke yake ingekutoa majivu."

Alinieleza huku mkono ukifanya kazi. Rangi zina wapinzani wao. Mpinzani wa bluu ni machungwa. Ukiweka kimoja juu ya kingine, vinauana nguvu, kinabaki kitu cha kahawia kinachokaribiana na ngozi. Kwa mtu mweupe hutosha rangi ya pichi. Kwa mwenye rangi ya maji ya kunde ni machungwa kamili. Kwa mweusi zaidi ni machungwa iliyoelekea nyekundu, ile ya tofali. Ukipaka rangi nyepesi moja kwa moja juu ya kivuli, bluu inachungulia kwa chini, uso unatoka kijivu kama wa mgonjwa. Nilipomsikia ndipo nilipoelewa nyuso za mabwana harusi wengi niliowaona kwenye albamu.

Aliipakaje? Tone dogo, kama punje ya mtama, kwa sponji yenye unyevu. Akawa anabonyeza, habururi. Bonyeza, inua, bonyeza, inua, pale penye kivuli tu: juu ya mdomo, kidevuni, kando ya taya. Akaishindilia kwa poda kidogo isiyo na rangi ili isihame. Kisha akaja na fondesheni, na kabla ya kuipaka akaijaribu shingoni, wala si mkononi, kwa sababu uso lazima ukubaliane na shingo. Tabaka jembamba, kwa kubonyeza vilevile. Poda tena, kidogo. Mwisho akazima taa za kioo, akanipeleka dirishani penye mwanga wa jua, akanitazama. "Taa hudanganya," alisema. "Jua halimfichi mtu."

Nilijitazama. Uso ulikuwa wangu, bila alama yoyote ya kupakwa. Kivuli hakikuwepo.

Ukitaka kujaribu nyumbani, fuata utaratibu wake. Nyoa usiku wa kuamkia siku yako, au angalau nusu saa kabla, ngozi itulie. Kama huna kopo la rangi ya kusahihisha, rangi ya mdomo ya machungwa au ya tofali, isiyong'aa, inaweza kufanya kazi hiyo ikipakwa nyembamba sana. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio siku moja kabla, uone kama ngozi inaikubali. Joto la Dar es Salaam au la Mombasa likikutoa jasho, gandamiza karatasi laini usoni, usifute, maana kufuta ndiko kunakochora michirizi. Na usiku, ondoa vyote: mafuta kwanza, kisha maji na sabuni laini. Sponji nayo ioshwe kila mara. Anayelala na rangi usoni anaalika chunusi na vipele vingine.

Najua kuna anayesikiliza na kusema, mwanamume hapakwi. Namheshimu, lakini namkumbusha kwamba katika pwani yetu wazee wetu wanaume walijipaka wanja machoni na kulihesabu jambo la sunna. Walifukiza kanzu kwa udi na kujipaka marashi kabla ya kwenda msikitini. Hakuna aliyewauliza juu ya uanaume wao. Kujitengeneza kabla ya kusimama mbele za watu ni kuwaheshimu watu hao.

Na sasa naomba nizungumze na akina dada.

Nilipata kuzungumza na dada mmoja ambaye kwa miaka mingi aliamka saa kumi alfajiri, kabla ya mume na watoto, akajifungia bafuni na tochi ya simu, aking'oa ndevu za kidevuni kwa kibanio, mmoja mmoja. Hakunyoa, kwa sababu aliambiwa tangu utotoni kwamba ukinyoa zitaota nyingi na nene zaidi. Kidevu chake kilijaa vipele na madoa, akawa anajitanda mtandio hadi mdomoni hata kwenye joto. Kilichomuumiza kuliko ndevu, aliniambia, ni kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kujua.

Dada yangu, ile habari ya kunyoa kuongeza ndevu si kweli. Mwaka 1928 mtafiti wa Kimarekani aitwaye Mildred Trotter alichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya jambo hilohilo: kunyoa hakukubadilisha unene wala kasi ya ndevu. Unywele uliokatwa huhisika mgumu kwa sababu ncha yake nyembamba ya asili imekatwa, basi. Kwa hiyo kama kunyoa kunakurahisishia maisha, nyoa, kwa maji na povu, kwa mwelekeo wake, kama nilivyoeleza. Kinachobaki kifunikwe kwa rangi ileile ya tofali.

Lakini usiishie kwenye kioo. Ndevu kwa mwanamke, hasa zikija pamoja na hedhi isiyo na mpangilio, chunusi nyingi, au shida ya kupata mimba, mara nyingi ni dalili ya mvurugiko wa homoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana hali moja ya namna hiyo inayohusu ovari, na wengi wao hawajawahi kupimwa. Inachunguzika, na ina matibabu. Nenda hospitali, sema wazi: ninaota ndevu. Wewe si wa kwanza kumwambia daktari maneno hayo. Na sisi wanaume, waume na kaka na baba, tujifunze kulisikia neno hilo bila kucheka.

Msikilizaji, ipo methali nyingine niliyokua nayo: ukitaka uzuri, sharti udhurike. Niliiamini asubuhi ile ya matone matatu ya damu. Leo, kwa habari ya ndevu, naipinga. Kila dhara nililolipata lilinipunguzia uzuri. Kilichonisaidia kilikuwa maji, kusubiri, na mkono wa mtu aliyejua mahali pa kukomea.

Mwanangu wa kiume ameanza kuota ndevu mwaka huu. Jumamosi iliyopita alinijia akiwa na wembe wangu mkononi, kidevu kikavu, macho yanang'aa kwa furaha ya kuwa mtu mzima. Nikauchukua ule wembe, nikauweka juu ya kabati. Nikamwambia utapewa wako, mpya. Kwanza nenda jikoni, bandika maji.